Sikio la Kushoto la Orkun

Gati la vivuko la Karşıyaka lilifurika watu asubuhi ile, na Tülin, koti jekundu mwilini na miwani ikimteleza puani, alikuwa akitafuta masikio. Utafiti wake wa shahada ulihitaji wasikilizaji wa Kituruki wanaotumia mkono wa kulia, na mmoja alikuwa bado hajapatikana.

"Samahani kaka, unaandika kwa mkono gani?"

Kijana mrefu aliyekuwa akila mkate wa ufuta alimtazama, akasahau kutafuna. "Wa kulia, bibie. Kwani nina kesi?"

"Bado. Twende maabara."

Huko kijana, jina lake Orkun, alivishwa hedifoni. "Ba" ikaingia sikio moja, "pa" sikio la pili, kwa wakati uleule. Kazi yake ilikuwa kusema ni ipi aliyoisikia.

"Wengi hushika ya kulia," Tülin alieleza, "maana sauti yake hukimbilia upande wa kushoto wa ubongo, unaoshughulikia maneno. Nataka kujua kama sauti inayotetemesha koo, kama 'ba', hugeuza mambo."

"Yako imenitetemesha moyo."

"Nyamaza, inarekodi!" Lakini alicheka, na jioni wakanywa chai pamoja.

Matokeo yake yalimpagawisha Tülin. Kwa Orkun, sikio la kushoto lilishinda kila mara, iwe "ba" au "pa". Alimwita johari yake, kwenye simu na mbele ya profesa, na akampa ukurasa mzima katika ripoti ambayo angeitetea Jumatatu.

Jumamosi Orkun akampeleka kwa mama yake. Orkun alipoanza kumenya tufaha kwa mkono wa kushoto, mama akaruka. "Kisu mkono wa kulia, wewe! Mgeni anakuona!" Akamgeukia Tülin. "Shoto hili, mwanangu! Shuleni walimnyoosha, kalamu akaihamishia kulia, kisu kikawashinda."

Mashoto hawakutakiwa kabisa kwenye utafiti ule, maana ubongo wao huweza kuyaweka maneno upande mwingine. Tülin akachukua koti lake na kuondoka.

Simu ililia akiwa njiani.

"Ulinidanganya, Orkun! Kazi yangu yote imeharibika!"

"Kipenzi, uliniuliza naandika kwa mkono gani. Naandika kwa kulia."

"Ulijua nilichomaanisha!"

"Sikujua." Sauti yake ilishuka. "Mwalimu alinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa hadi nikaacha kuandika nao. Nilidhani shoto limeniisha. Naona aibu hata kukuambia."

Tülin akasimama katikati ya watu. Hasira ilikuwapo, lakini swali liliipita mbio: wangapi wengine walifungwa mkono? Akaanza kuwapigia wasikilizaji wake, akiwauliza sasa wanakata mkate kwa mkono gani, wanatupa jiwe kwa mkono gani. Wawili wakakiri kuwa ni wa kushoto.

Jumatatu alisimama mbele ya maprofesa, akasema kosa ni lake: katika nchi iliyowanyoosha watoto wake, aliwauliza watu kuhusu kalamu tu. Wakamrudisha akaanze upya, muhula mzima. Alitoka analia, akaenda moja kwa moja kazini kwa Orkun.

"Nisamehe. Nilikuita johari, halafu nikakukimbia kwa jinsi ulivyo."

"Na shahada?"

"Itachelewa. Sasa nataka kuwatafuta wote walionyooshwa, nijue jinsi vichwa vyao vinavyosikia."

"Uanze na mimi?"

"Wewe nimeshakuanza." Akajifuta machozi, akacheka. "Jumapili njoo nyumbani na mama yako."

"Kufanya nini?"

"Kuniposa kwa baba, mjinga wewe."

Orkun akanyoosha mkono wa kushoto, mbele ya wenzake wote, akaushika wake.