Kichupa cha Buluu

Kila Jumamosi Candida alishinda kwenye duka la mitumba la mjomba wake, Onesphory, pale Kariakoo. Kazi yake ilikuwa kupekua mifuko ya nguo belo likifunguliwa. Sharti la mjomba lilikuwa moja tu: kinachokutwa mfukoni kiwekwe mezani, hata kama ni kifungo.

Siku hiyo umeme ulikatika. Makoti meusi yaliyotoka Italia yalining'inia gizani kama watu waliosimama kimya. Katika koti la mwisho Candida aligusa kitu cha baridi ajabu. Kilikuwa kichupa cha buluu, kimeandikwa VELENO. Alikifungua anuse, tone moja likadondokea andazi lake, naye akalitupa kwa kinyaa.

Tamaa ya kumpa rafiki zawadi ya kifahari ikamshika, asikiweke mezani. Alichomoka mpaka duka la jirani, akampa kichupa rafiki yake Badria.

"Manukato ya Ulaya hayo. Jipake kesho harusini."

Aliporudi, mwili ulimsisimka. Kando ya andazi panya alikuwa chali, macho wazi, akimtazama. Makoti nayo yalitikisika, na upepo haukuwepo.

"Shikamoo mjomba," alimwamkia Onesphory, aliyekuwa amefika na kuanza kukunja nguo.

"Marahaba. Mbona umepauka hivyo?"

"Veleno ni nini?"

Onesphory aliwahi kusoma seminari, na Kilatini kilikuwa hakijamtoka kichwani. Aliacha kukunja nguo.

"Kwa Kilatini ni *venenum*. Wahispania wanasema *veneno*, Waitaliano *veleno*. Inasemekana hapo kale Warumi waliliita hivyo hata limbwata, dawa ya kupendwa. Siku hizi ni sumu tu. Umeliona wapi?"

Akisema, atafukuzwa dukani. Asiposema, Badria je?

"Kwenye kichupa, mjomba. Nimempa Badria!"

Walikimbia. Badria alikuwa mbele ya kioo, kizibo mkononi, kidole kimelowa.

"Usijiguse!" Candida alipiga kelele.

Mama yake Badria, Bi Kuruthumu, mwenye duka lile, alimwosha kwa maji mengi na sabuni, wakamwahisha hospitali pamoja na kichupa. Kidole kilivimba na kubabuka, lakini jioni daktari alimruhusu aende nyumbani. Candida alilia kwa aibu, akamwomba rafiki yake msamaha.

"Neno lile limepita kwa Warumi mpaka kwa Waitaliano," mjomba alimwambia, "na pale kwenye kichupa lilisema ukweli wazi. Aliyeficha ni wewe. Usichokijua, uliza kabla hujampa mtu."