Edina Bado Anaomba

Upepo wa Dodoma hauna adabu. Mchana ule, katika soko la Sabasaba, uliinua vumbi na sketi pamoja. Edina, mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali, alikuwa ameshika sketi yake ya bluu kwa mkono mmoja na kiatu cheupe kwa mkono wa pili.

"Kaka, cha kulia kiko wapi?"

"Belo limekuja na kimoja tu, dada." Yotham alikuwa akiuza viatu vya mitumba tangu biashara hiyo iruhusiwe. Alikuwa mrefu, shati la maua wazi kifuani. "Huko wanakofunga mizigo hawajali jozi. Nikifungua belo jingine huenda kikatokea."

"Niwekee. Kwaya yetu inavaa nyeupe. Nitakiombea."

"Utamsumbua Mungu kwa kiatu?"

"Kwani wewe umeambiwa anapokea makubwa tu?"

Yotham alicheka mpaka wateja wakageuka. Akakitundika kiatu kwenye msumari. Edina akawa anapita kila akitoka kazini kukiulizia, na kabla mvua hazijaanza, hakuwa anapita tena kwa ajili ya kiatu.

Yotham hakuwa mtu wa kuzunguka. Alimpeleka kula chipsi kuku, akafuta mikono, akasema, "Edina, nataka kukuoa."

"Nakupenda, Yotham wangu. Nipe muda niombe."

Akampa. Mvua zikanyesha, zabibu zikaiva, zikavunwa. Edina bado anaomba.

Siku moja Yotham akampigia ofisini kutoka kibanda cha simu.

"Haloo, mpenzi. Umejibiwa?"

"Bado."

"Anachelewa nini? Hana anwani yangu?"

"Usimfanyie Mungu mzaha."

"Ninayefanyiwa mzaha ni mimi! Wenzangu wameoa, wamebatiza watoto, mimi bado niko kwenye foleni!"

"Hujui nilichokiona," Edina akanong'ona, maana bosi alikuwa ametega sikio. Akakata simu.

Alichokiona kilimpata dada yake, Cecilia. Mtu mmoja wa maombi alimwambia kwamba Bwana amemfunulia nani atakuwa mume wake. Cecilia akaolewa haraka haraka, na sasa yuko Ipagala kwa wazazi, ana watoto, mume hajulikani alipo. Ndiyo maana Edina aliapa haolewi mpaka asikie sauti mwenyewe. Alifunga. Alipiga magoti mpaka yakachubuka. Kimya.

Kimya kilipomzidi, akamwomba Mama Anyesi, kiongozi wa kina mama wa maombi, amsaidie kuomba. Hapo alikosea. Mama Anyesi hajui kuomba kwa sauti ndogo. Kwenye mkutano wa injili, uwanja wa jirani na soko, alipopewa kipaza sauti alinguruma, "Bwana! Tunamleta Yotham, muuza viatu wa Sabasaba! Kama siye, mwondoe kwa binti yetu Edina!"

Soko zima likasikia.

"Yotham, matokeo yametoka?" muuza nyanya akamwuliza. "Umefaulu au umefeli?"

Jioni ile Yotham akamfuata Edina kwao.

"Umeniuza."

"Nilimwambia mtu mmoja tu."

"Mmoja mwenye spika! Mwondoe, anasema! Basi nimejiondoa. Kamwambie Mungu wako kazi imekwisha."

Kesho yake Edina akapiga simu kwenye duka lililo jirani na meza ya Yotham.

"Yotham hayupo," mwenye duka akajibu. "Amekwenda mnadani Bahi." Yotham alikuwa amesimama pale pale, anatikisa kichwa.

Mwishowe Edina alikwenda mwenyewe, kitambaa kichwani, macho yamevimba.

"Mungu amejibu?" Yotham aliuliza huku anapiga viatu brashi.

"Hapana."

"Basi umefuata nini? Kiatu hakijapatikana."

"Nilitaka Mungu aniapie kwamba sitaumia. Ule ulikuwa woga, Yotham, nikauita maombi. Cecilia aliachwa, lakini kila asubuhi anaomba. Nikamwuliza anaomba nini. Akasema haombi kuonyeshwa njia yote, anaomba ashikwe mkono. Na mimi nimeomba hivyo."

"Na mimi je?"

"Nakutaka. Hilo nalijua bila kufunuliwa."

"Mwaka mzima, Edina!" Brashi ikaruka mpaka kwenye nyanya za jirani. "Mwaka mzima!"

"Najua. Nisamehe."

Yotham akaenda kuiokota brashi. "Hata mimi niliomba. Mara moja. Macho wazi, maana ningefumba wangeniibia viatu."

"Ulisemaje?"

"Nilisema, Bwana, mwanamke huyu ananichosha. Lakini usimwondoe."

Ndoa yao ilitangazwa kanisani Jumapili tatu, kama desturi. Jumapili ya mwisho walikaa pamoja, Edina katika sare nyeupe na viatu vyeusi.

"Mwenye kujua kizuizi," mchungaji akasema, "aseme sasa."

Kanisa lote kimya. Kimya kile kile kilichomtesa Edina mwaka mzima. Leo alikisikiliza akatabasamu. Kisha, benchi la mbele, Mama Anyesi akakohoa.

"Huyu akifungua mdomo tu," Yotham akanong'ona, "natoka."

"Kaa chini. Omba."

Yotham akamshika mkono, akafumba macho.