Kinachoita Mara Moja

Bibi yangu alikuwa na msemo kwa kila jambo. Usikalie kinu. Usipige mluzi ndani. Usimsifu mtoto wa mwenzio bila kumtaja Mungu. Lakini uliomvunja mama mbavu kwa kicheko ni huu: "Mtu huita mara mbili. Kinachoita mara moja si mtu, usikiitikie."

Mama yangu Zipora alikuwa Mlutheri hasa, akasema hayo ni mambo ya wazee. Mwingereza alikuwa bado mgeni nchini. Tulikaa Chome, juu milimani, ua mmoja na mama mkubwa Hedwiga, mke wa kaka yake baba. Mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo nasimulia nilivyosimuliwa na dada yangu Dorkas.

Mama alikuwa na sauti. Akiita watoto waje kula, walikuja wote mbio, hata wa Hedwiga. Hedwiga akiwaita wanawe, walijificha kwenye mibuni. Lilimuuma sana. Wivu ulimkondesha mpaka mashavu yakabonyea, akawa anakaa mlangoni kwake akilitazama koo la mama.

"Nimewazaa mimi, wanakuitikia wewe," alimwambia siku moja.

"Watoto hao, dada. Hufuata chakula."

"Kwani mimi napika mawe?"

Kisha akaenda kumshtaki kwa bibi, kwamba mama ana kiburi, akiitwa haitiki. Bibi akamkaripia mama: mke aliyelelewa huitikia mwito wa kwanza! Nikifika hapa namkasirikia bibi, Mungu anisamehe. Misemo yake miwili iligongana, na mama akawa katikati.

Asubuhi moja baba aliteremka Kihurio kutafuta mpunga. Ukungu ulikuwa umefunika migomba. Mama alikuwa akichuma maharage.

"Zipora."

Akasubiri mwito wa pili. Haukuja. Akakumbuka lile karipio.

"Abee!"

Ndilo neno lake la mwisho. Alipofungua kinywa tena, ilitoka pumzi tu.

Siku hiyohiyo, saa ya kula, sauti ya mama iliwaita watoto. Wakakimbia wote, Dorkas naye. Iliwaita kutoka jikoni kwa Hedwiga. Mama alikuwa amesimama uani, midomo imefumbwa, machozi yanamtiririka.

Hakukubali kunyang'anywa watoto pia. Alitundika jembe bovu mlangoni, akawa analigonga kwa jiwe. Sauti inaita kule, jembe linalia huku. Dorkas aliziba masikio, akafuata jembe.

Mimi nimekua nikiitwa kwa jembe. Hedwiga alikufa, tukadhani sauti imezikwa naye. Mama akafuata, sijamsikia hata mara moja.

Mwaka jana nilikuwa shambani na binti yangu Ruthi. Ukungu ukashuka.

"Eliezeri."

Sauti tamu. Sijawahi kuisikia, na niliijua. Nilitamani kuitika, jamani! Nikauma mkono. Nikasubiri mwito wa pili.

Haukuja.

"Ruthi."

"Abee, bibi!" akasema mtoto, akicheka kwa sauti kwa mara ya mwisho.

Lile jembe la mama nimelitundika upya. Ruthi akinihitaji hugonga mara mbili, ndivyo nilivyomfundisha.

Jana liligongwa mara moja. Ruthi alikuwa amekaa mapajani mwangu.