Talasimu Tatu za Mkwe

Ndani ya kichwa cha mzee Andongwisye mvua ilikuwa inanyesha, na kwenye kioo kilichoning'inia juu ya kitanda chake kila aliyeingia wodini aliiona. Ilinyesha juu ya migomba na vilima vya kijani, na juu ya mzee mwenyewe aliyejikunyata chini ya jani pana akitetemeka. Mwili wake halisi ulilala kimya ndani ya kiota, kitanda kile kipya cha hospitali ya mlimani chenye nyuzi laini zinazolishika fuvu pande zote. Mwili huo haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililowatia watu hofu.

Subilaga, mke wa mwanawe, aliitazama mvua hiyo kutoka chumba cha pili, kwenye kioo kingine. Mkwe hatazamwi usoni, hata akiwa hajitambui.

Wageni waliokuja Mbeya kufanya kazi kwenye treni zipitazo chini ya milima walidhani desturi hiyo ya Kinyakyusa ilishakufa. Haikufa, ilihamia ghorofani tu pamoja na wenyewe. Tangu aolewe, Subilaga aliishi nyumba moja na baba mkwe wake bila kuonana naye uso kwa uso. Mashine iliyosimamia nyumba ililia kengele mzee alipotoka chumbani, naye Subilaga akaingia jikoni mpaka ukumbi uwe mtupu. Chakula alikiacha mezani na kuondoka. Jina la mzee hakulitamka, si kwa shoga zake wala kwa mumewe. Kwa mwanamke, kumwita mkwe kwa jina lake ni sawa na kumvua nguo hadharani.

"Nisikilize vizuri," alisema Dokta Kasyupa, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu. "Kiharusi kimeziba njia nyingi kichwani mwake. Tumempa dunia ya kutembea. Kila hatua anayopiga humo kwa miguu yake, ubongo unafungua njia moja huku nje. Mwisho wa dunia hiyo kuna Lango. Akilipita, ataamka."

"Asipolipita?"

"Unaliona lile jua? Ndiyo nguvu ya ubongo wake. Likizama kabla hajafika, atabaki hivi alivyo. Tutamlisha kwa mpira mpaka Mungu amchukue."

Dunia yenyewe Subilaga aliijua kama kiganja chake. Iliitwa Nyika, mchezo usio na njia iliyopangwa, ambamo mchezaji hutupwa porini mikono mitupu, ajijengee, ajilishe, anusurike. Wachezaji wenyewe huushonea viraka, nyongeza za kila aina, na mashuhuri kuliko zote ni talasimu: maneno machache yanayoamsha nguvu fulani. Subilaga alizibuni kwa kazi. Nusu ya vijana wa mji walicheza kwa talasimu zake. Madaktari walipouchukua mchezo kutibu wagonjwa, waligundua kwamba ubongo wa mgonjwa humkataa mchezaji mwenza asiye wa nyumbani kwake. Lugano, mwana pekee wa mzee, alikuwa mwezini akichimba barafu. Akabaki mkwe.

"Unaruhusiwa talasimu tatu," alisema daktari. "Zaidi ya hapo zitamchosha."

Orodha ikafunguka hewani mbele yake. Sauti ya Lugano ikaingia kwenye kisikilizio sikioni mwake, imechelewa kidogo kama kawaida ya sauti za mwezini.

"Chukua Radi, Subi. Ukiona kitu, choma."

"Ndiyo maana wewe hujawahi kumaliza hata wiki moja Nyika," alijibu. "Radi inapendeza kwa watazamaji. Ukipiga moja, mbwa wa ukungu wanaowinda bonde zima wanajua uko wapi."

Aliongea kwa mzaha huku akiipitia orodha. Talasimu ya kufaa, siku zote aliwaambia wateja wake, ni ile utakayoihitaji ukiwa umelowa, una njaa na umechoka. Mabawa aliyapita, kwa kuwa mzee alitakiwa kutembea. Ghala, inayoleta chakula kisichokwisha, aliipita haraka zaidi. Aliwaona wachezaji wengi walioichukua. Walijenga kibanda, wakashiba, wakasahau wanakokwenda.

Akachagua Kaa, talasimu ya moto unaowaka hata juu ya kuni mbichi. Akachagua Mizizi, inayokamata miguu ya mnyama bila kelele. Kidole kikabaki hewani.

"Mwito," alishauri daktari. "Unasimama mbele yake, unamtaja jina, anakufuata. Familia nyingi zimeponea hapo."

Subilaga alikivuta kidole nyuma. Kusimama mbele ya baba mkwe! Kumtaja!

"Kivuli," alisema. "Nitakuwepo, hataniona. Wanyama nao hawataniona."

"Una hakika?"

"Nyika naijua, dokta."

Ilikuwa sababu nzuri, na yeye mwenyewe karibu aiamini. Akavaa kofia ya kuingilia Nyika.

Baridi ya mvua ilimpiga mabegani. Harufu ilikuwa ya udongo wa Tukuyu na majani ya migomba, kwa kuwa Nyika ya hospitali hujijenga kwa kumbukumbu za mgonjwa. Jua lilikuwa juu bado, jeupe nyuma ya mawingu. Subilaga alitamka Kivuli na kuiona mikono yake ikitoweka.

Aliwasha moto hatua chache mbele ya mzee. Mzee akautazama kwa mshangao, akajikokota mpaka pale, mguu wa kulia ukiburuzika. Moto wa pili Subilaga aliuwasha mbali zaidi, na kando yake akaweka ndizi alizozichuma na kuzichoma. Mzee akaufuata nao. Mbwa wa ukungu walitokea bondeni, vitu vyeupe visivyo na macho.

"Huo ndio uvimbe wa ubongo," daktari alinong'ona sikioni. "Mchezo umeupa sura ya mbwa hao."

Mizizi iliwadaka mmoja baada ya mwingine kabla mzee hajawaona.

"Anatembea!" Lugano alipiga kelele kutoka mwezini. "Subi, baba anatembea!"

Vilima kadhaa walivuka hivyo. Kisha wakafika kwenye nyumba ndogo ya matofali yenye ua wa michai, na mzee akasimama. Subilaga hakuwahi kuiona, lakini aliitambua kwa picha za ukutani kwao. Ndiyo nyumba aliyoishi mzee na marehemu mkewe kabla ya kuhamia mjini. Mzee aliingia, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha miguu kama mtu aliyetoka shamba.

Subilaga aliwasha moto mwingine ng'ambo ya ua. Mzee hakuinuka. Aliuzima ule uliokuwa ukiwaka mekoni humo ndani, na mzee akakaa gizani bila wasiwasi. Aliacha kumletea chakula. Mzee akangoja tu, anatabasamu.

"Njoo uketi, mke wangu," alisema. "Mbona unazungukazunguka? Najua ni wewe. Ndizi umeziunguza upande mmoja kama kawaida yako."

Subilaga aliganda palepale.

"Nilijua utakuja," mzee aliendelea. "Nyumba ya mjini ni nzuri, lakini haina wewe. Mwanao yuko mwezini, hebu fikiria. Yupo yule binti, mkewe. Uso sijauona, lakini asubuhi nikisikia vyombo vinagongana jikoni moyo unatulia. Najisemea, nyumba ina mtu. Ungempenda. Anapika kukuzidi, usinune."

Hayo hayakuwa maneno ya masikio yake. Machozi yalimtoka Subilaga chini ya kofia na hakuwa na namna ya kuyafuta. Kumbe miaka yote ile, nyuma ya kengele na milango, alikuwa anapendwa.

"Subilaga, tazama jua," alisema daktari.

Alitazama. Lilikuwa limeshuka mpaka usawa wa migomba na limekuwa jekundu. Haikuwezekana. Mioto michache, mbwa wachache, hesabu yake haikufika huko.

"Ni Kivuli," alisema. Katika Nyika ya kawaida Kivuli ni talasimu nyepesi, mashine ndiyo inayomficha mchezaji. Hapa mashine haikuifanya kazi hiyo. Ubongo wa mzee ndio uliofanya kazi ya kutomwona mtu aliyesimama mbele yake, kila dakika, bila kupumzika. Heshima yake ilikuwa inamla mzee akiwa hai. Na ile Ghala aliyojivunia kuikataa, amekuwa Ghala yeye mwenyewe, amemshibisha mzee mpaka amesahau anakokwenda.

"Lango liko nyuma ya kile kilima," alisema daktari. "Mfanye atoke. Kwa lolote."

Njaa haikumtoa, giza halikumtoa. Mzee alikuwa amefika kwake, ana mke, atoke aende wapi? Kumwambia kwamba mkewe alizikwa kungemvunja pale kigodani. Subilaga alibakiwa na kitu kimoja tu ambacho kingemwinua mwanamume wa Kinyakyusa wa umri ule, na alikijua fika. Alipiga moyo konde. Akaivua Kivuli.

"Andongwisye!"

Jina lilimtoka mdomoni zito kama jiwe. Mzee aligeuka, akamwona mwanamke kijana amesimama katikati ya mlango anamkodolea macho, na papo hapo akajifunika uso kwa mkono.

"Nani huyo?"

"Mimi Subilaga, mke wa mwanao. Inuka, Andongwisye! Mzee mzima unalala mchana na jua linazama?"

"Wewe binti una wazimu? Toka! Geuka!" Mzee aliangaza huku na huku. "Mke wangu yuko wapi? Umemfukuza mke wangu!"

"Nimemfukuza, ndiyo. Utanifanya nini, Andongwisye? Hata kusimama huwezi."

Mzee alisimama. Hasira ilimpandisha kutoka kigodani kama kamba. Alichomoa ufito paani, akamjia, na Subilaga akatimua mbio.

Alikimbia lakini si sana, akigeuka kila mara kumtukana ili asirudi. Matusi yalimwisha, akabaki na jina tu, na jina lilitosha. Nyuma yake mguu wa kulia wa mzee uliburuzika, ukajikwaa, ukaanza kukanyaga. Sikioni daktari alisema kwa pumzi fupi, "Unashika, mguu unashika, usimwache."

Mbwa wa ukungu walitoka kwenye migomba. Subilaga alifungua kinywa kutamka Mizizi, akaliona jua limebaki kipande kama ukucha, akakifumba asije akaimaliza nguvu iliyobaki. Mbwa wa kwanza alimdaka kifundo cha mguu. Maumivu yalikuwa ya kweli, kofia haina huruma. Alijitupa kati ya wanyama na mzee, akawaacha wamng'ate, akaendelea kuchechemea huku damu na ukungu vimechanganyika.

Lango lilikuwa matawi mawili ya mti yaliyoinamiana, na katikati yake weupe mtupu. Aliegemea tawi moja.

"Hata hapa utashindwa, Andongwisye!"

Mzee alikuja mbio, miguu yote miwili, ufito juu, analia kwa hasira. Fimbo ilimpata Subilaga begani. Weupe ukawameza wote wawili.

Walipomvua kofia alikuwa amelowa jasho, na kifundo cha mguu kilimuuma ingawa hakikuwa na jeraha. Kutoka wodini, nyuma ya pazia, alisikia mtu anakohoa. Halafu akasikia sauti ya mzee, nzito kidogo lakini safi, inaomba maji. Sikioni Lugano alikuwa analia bila aibu.

"Daktari," alisema mzee baada ya kunywa. "Mke wangu alikuja kuniona."

Daktari akaipokea bilauri.

"Aliniwashia moto njia nzima. Akanichomea ndizi." Sauti ilianza kutetemeka. "Au ni ninyi na mitambo yenu? Niambie kweli, mama. Kama ni mitambo, niambie."

Kwenye upenyo wa pazia Dokta Kasyupa alimtazama Subilaga, akasubiri. Neno moja tu lingetosha. Mzee angejua ni nani aliyemlisha, na kwa nini aliitwa vile. Angemsamehe, pengine angembariki, ila angempoteza mkewe mara ya pili.

"Mwambie, Subi," Lugano alisema. "Mwambie ni wewe."

Subilaga alimtazama daktari na kutikisa kichwa.

"Mitambo yetu haiwezi kumleta mkeo, mzee," alisema daktari polepole. "Alikuwa yeye."

Mzee alicheka kicheko kidogo cha furaha, na kicheko kikageuka kilio kirefu cha mtu aliyetulia. Wakamwacha alie.

"Alinijia," alisema hatimaye. "Sasa hata nikifa, sawa." Kisha sauti ikawa ngumu. "Ila yule mwanamke aliyemfukuza, yule aliyeniita jina, asikanyage tena nyumbani kwangu. Mwambieni mwanangu hivyo."

Mumewe alikuwa bado anamsihi kutoka mwezini, maneno yanachelewa, yanapishana na pumzi zake. Subilaga alikitoa kile kisikilizio sikioni, akakiweka taratibu juu ya kofia, akatoka kwa mlango wa nyuma ili mzee asimwone akipita.