Chuma cha Merima

Jumatano ile nyumbani walikuwemo Šefika, mama mkwe wake Devleta, mumewe Ragib, aliyelala baada ya zamu ya usiku kwenye tanuri la chuma, na binti yao Merima wa miezi mitano. Bi Zejna mganga aliitwa adhuhuri.

Lilianza jambo dogo: godoro la mtoto lilikuwa la moto. Šefika akaingiza mkono chini yake, akagusa kipande cha chuma ambacho Ragib, kwa mapenzi yake, alikileta kutoka kazini ili kimkinge mwanawe na majini. Kiganja kikababuka.

Devleta alimtumbukiza mkono kwenye bakuli la mtindi, akawa anampuliza kama mtoto. Kisha akamgeukia Ragib, aliyekwisha amshwa na kelele.

"Mpumbavu wewe! Chuma cha mtoto ni kiatu cha farasi wa babu yako, kilichopoa miaka! Wewe umeleta kilichotoka motoni juzi, na majini ni watu wa moto!"

"Mama, nilidhani chuma ni chuma."

"Ulidhani!"

Merima hakulia. Hakuwa amenyonya tangu jana.

Bi Zejna aliwafunika mama na mtoto kwa shuka, akayeyusha madini ya risasi, dawa yake ya kutoa majini, akasoma Bismillahi, akayamimina kwenye bakuli la maji juu ya vichwa vyao. Hayakuganda. Yaliendelea kuzunguka ndani ya maji kama kitu hai, harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani, na mle gizani chini ya shuka, kifuani kwa Šefika, kile kinywa kisicho na jino hata moja kikafunguka, ikatoka sauti nzito ya mwanamume.

"Huyu mdogo. Ataungua haraka."

"Ragib," Bi Zejna alinong'ona, "kichukue hicho chuma kwa koleo, ukakizike ardhini, chini kabisa. Usikirudishe motoni. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Lakini ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, sururu ikadunda, na koleo likaanza kumchoma. Lango la kiwanda lilikuwa hatua chache. Ragib akafanya alichokifanya kwa kila chuma chakavu kwa miaka kumi na moja: akakitupa tanurini.

Saa ileile Merima alilia, akanyonya kwa pupa. Šefika alilia naye, asitake kumwachia.

Chuma cha siku ile kilitengenezwa kuwa nondo, na kiangazi kilichofuata nondo zile zilitumika kujenga chekechea ya mtaa wao.