Tabibu wa Kwenye Skrini

Kila siku ya shule, saa tisa na nusu, Kijino alifungua mlango wa nyumba yao, akavua viatu, akabandika maji jikoni, kisha akavuta pumzi ndefu na kuibana kabla ya kuingia chumbani kwa babu yake. Jina la Kijino alipewa na babu huyo huyo, kwa sababu ya jino moja la mbele lililotangulia wenzake na kukaa nje kama linachungulia. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Babu alikuwa fundi viatu kwa miaka arobaini, mpaka macho yalipofifia. Miezi miwili kabla ya haya tunayoyasimulia, alikanyaga msumari mdogo wa kiatu. Hakuusikia. Kisukari kilikuwa kimeua hisia za nyayo zake, akatembea nao siku nzima. Kidonda kilichobaki kilikuwa na ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda, chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto.

Mama yake Kijino alifanya kazi katika kiwanda cha mikate. Aliondoka kabla hapajakucha na kurudi jioni akiwa hoi, unga umemganda kwenye nyusi. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati alimwelekeza Kijino: nawa mikono kwa sabuni, vaa glovu, fungua bandeji, toa shashi ya jana, osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, weka shashi safi, funga. Mara moja kwa siku, bila kuruka hata siku moja.

Kwa wiki moja Kijino alifanya hivyo, na kila siku alitamani kukimbia. Shashi ilikuwa imegandia nyama, nayo ilipobanduka ilitoka na uzi wa usaha wa manjano. Harufu ilikuwa nzito, kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Ilimfuata mpaka mezani, akaacha kula chakula cha jioni. Alinusa vidole vyake darasani, ingawa alikuwa amevisugua mpaka vikawa vyekundu.

Wiki iliyofuata, mtoto wa shangazi yake, aliyeitwa Bonge kwa sababu ya mashavu yake, alipewa na kaka yake mashine ya michezo ya video iliyotumika. Nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kwa kina Kijino. Walikusanyika wanne: Bonge, Kijino, msichana jirani aliyeitwa Mrefu, na mdogo wake. Kila mmoja alishika rimoti yake ya kuchezea.

Kabla ya safari kuanza, mchezo uliwataka wachague. Kulikuwa na shujaa wa upanga, mpiga mishale, mchawi wa moto na tabibu, na mchezaji hakuweza kubadilisha mpaka safari iishe. Wote walitaka upanga. Wakabishana hadi Bonge akawakumbusha mashine ni ya nani, akachukua upanga. Mrefu akachukua mishale, mdogo wake akachukua moto. Alibaki tabibu, mwenye joho jeupe na fimbo. Bonge alisema hiyo ni kazi ya waoga, huyo anakaa nyuma tu.

Kijino aliisogelea skrini. Alikuwa akitazama picha ya mfano. Shujaa alilala chini, kifua kimepasuliwa na zimwi. Tabibu alimgusa kwa fimbo, mwanga wa kijani ukamfunika, jeraha likajifunga, shujaa akainuka. Hapakuwa na usaha wala harufu, wala kitu cha kubandua.

"Namtaka huyu," alisema.

Na kweli, kazi ile aliiweza. Alijua nani anaumia kabla mwenyewe hajasema. Aliwahi kwa Bonge, akarudi kwa Mrefu, hakumwacha mtu. Baada ya siku tatu hata Bonge alikiri kwamba bila yeye wangekuwa wameshakufa wote, wakaanza kumwita Tabibu mpaka shuleni. Kijino alitembea kifua mbele.

Shida ilikuwa saa. Wenzake walianza saa kumi kamili na hawakungoja mtu. Jumanne moja, maji yakiwa bado hayajachemka, Kijino aliangalia ile bandeji, kisha akaangalia saa. Akachukua bandeji mpya, akaizungusha juu ya ile ya zamani, akaibana kwa plasta. Ilipendeza, nyeupe na safi. Akanawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu, akatoka mbio.

Jioni mama alimuuliza kama amemhudumia babu. Kijino akasema ndiyo. Mama akauona ule weupe, akamshukuru kwa kumpunguzia mzigo. Shukrani ile ilimuuma Kijino, lakini kesho yake alirudia. Kesho kutwa pia, na siku iliyofuata. Akajiambia kwamba kidonda kikifunikwa vizuri kitapona chenyewe. Siku tatu nyingine hakuzungusha hata bandeji, alipita mlangoni tu na kusalimia kwa mbali. Babu alimwitikia kila mara, akageuzia uso ukutani, wala hakuuliza maji yako wapi.

Siku ya nane tanuri la kiwanda liliharibika, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani mchana. Kijino, aliyetoka shule moja kwa moja kwenda kwa kina Bonge, aliporudi akishangilia, alikuta mlango wazi, na harufu imefika mpaka kizingitini.

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya babu, beseni kando yake. Sakafuni zilikuwepo bandeji tano alizozibandua moja baada ya nyingine, ya juu nyeupe, ya chini yake ya manjano, ya mwisho ya kijani iliyooza. Kidole gumba cha babu kilikuwa cheusi. Katikati ya kidonda kulikuwa na kitu kama punje za wali, na punje zile zilikuwa zikitembea. Walikuwa funza.

Mama aliuliza kwa sauti ya chini, "Ulimwosha lini mara ya mwisho?"

Kijino alikuwa na neno "jana" mdomoni tayari. Alitazama zile bandeji tano, akalimeza.

"Jumatatu ya wiki iliyopita, Mama."

Mama aliinuka, akatoka nje, akatapika karibu na bomba. Kijino alidhani ni kidonda kilichomchefua. Lakini mama aliporudi akiwa amejifuta mdomo, alimtazama yeye, na uso ulikuwa bado ni ule ule wa mtu aliyeona kitu kilichooza. Hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia tu atafute teksi. Kijino angependa apigwe.

Zahanati iliwapeleka hospitali. Daktari alieleza kwamba funza wale walikuwa wamekula nyama iliyokwisha kufa tu, hatari kubwa ilikuwa ule weusi. Kesho yake kidole kilikatwa. Kwa siku tatu hawakujua kama mguu nao utafuata. Kijino alikaa kwenye benchi la korido siku zile zote baada ya masomo, na alipofumba macho aliona punje za wali. Hakuwa na hamu ya kula, lakini sasa hakikuwa kidonda kilichomtia kinyaa. Alijichukia mwenyewe.

Siku ya nne daktari alisema mguu umeepuka hatari. Ndipo Kijino akapata ujasiri wa kumuuliza babu kwa nini hakumsemea kwa mama.

Babu alimgeukia. "Niliuona uso wako siku ya kwanza. Macho yangu mabovu, lakini si kiasi hicho. Nikaona aibu, mjukuu wangu. Mtu kunuka mbele ya mtoto aliyembeba mgongoni si jambo dogo. Ulipoacha kunifungua nikashukuru kimoyomoyo. Kwa hiyo na mimi nilisema uongo, tena mimi ni mtu mzima."

Kijino alilia, akamwomba radhi. Kisha akamwomba radhi mama, ambaye alichukua siku kadhaa zaidi kabla ya kumwita tena "mwanangu".

Wenzake nao aliwaambia ukweli, kwa sababu waliuliza kwa nini hatokei. Aliposema neno funza, Bonge aliikunja pua, akaichukua ile rimoti aliyokuwa akiitumia Kijino na kuifuta kwa shati lake, mara mbili. Hakuna aliyecheka. Safari yao waliiacha njiani.

Babu aliporudi nyumbani, muuguzi yule wa zahanati alikuja kumfundisha Kijino upya. Bandeji ilipofunguliwa, Kijino aliziba mdomo kwa kiwiko. Muuguzi alimsubiri. Alimsimulia kwamba mwaka wake wa kwanza kazini alitapika ndani ya beseni la mgonjwa, na mgonjwa ndiye aliyempa maji ya kusukutua. Akamwonyesha jinsi ya kupumua kwa mdomo, kulowesha shashi kwanza ili isivute nyama, na kuzungumza na mgonjwa muda wote ili asijihisi yuko peke yake na harufu yake.

Kijino aliosha kila siku. Siku nyingine alilazimika kwenda dirishani kwanza. Siku moja alisema, "Babu, leo kinanuka sana," na babu akajibu kwamba na yeye ananusa, pua yake si ya kiatu isiyosikia harufu. Wakacheka wote wawili, na mama aliyekuwa jikoni akacheka pia.

Baada ya wiki sita Bonge alikuja kumwita wakaanze safari mpya Jumamosi. Mchezo ulipomtaka Kijino achague, alichukua mpiga mishale. Bonge ndiye aliyekuwa tabibu, akalalamika kwamba kazi ni nyingi.

Katika mwezi wa tatu tangu babu arudi nyumbani, muuguzi alifungua bandeji ya mwisho. Palikuwa na ngozi mpya, nyororo, ya waridi. Aliibonyeza kwa kidole, akaridhika, akamgeukia Kijino aliyeshika beseni.

"Bado unaona kinyaa?"

"Ndiyo, Sista. Kidogo."

"Utaendelea kukiona, na hakuna atakayekulaumu. Kinyaa hakikukata kidole cha babu yako. Kilichokikata ni ile bandeji nyeupe uliyoweka juu ya uchafu ili mama yako aridhike. Kazi ikikushinda, sema siku hiyo hiyo. Tungetafuta mtu wa kukusaidia, na mzee angekuwa na vidole kumi."

Kijino alisema amesikia. Alimwaga maji bafuni, akalisugua beseni kwa sabuni na maji ya moto, akaliweka juani likauke.