Utando wa Tabaka Mbili

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, nesi Arlene Macaraeg alifika kitanda cha tatu katika wodi ya watoto walioungua, akamkuta Mikay amekwisha kukata roho. Mtoto wa miaka mitano. Alikuwa amejipindulia sufuria ya uji wa wali kifuani, akatibiwa, akapata nafuu mpaka akaanza kuwadai manesi peremende. Sasa chini ya utando uliofunika kidonda chake palikuwa na usaha wa kijani, na harufu yake ilifika mlangoni.

Daktari Umali ndiye aliyempigia simu Sajini Belen Katigbak wa polisi. Utando ule haukuwa kitu kigeni kwa sajini. Vijidudu visivyo na madhara hulishwa maji ya nazi na sukari ndani ya trei, navyo hufuma juu ya maji hayo kitu kama ngozi nyeupe. Mama yake Belen alimsomesha kwa kuuza utando huo, ukikatwa vipande na kutiwa sukari. Miaka ya karibuni karakana ya Mang Dencio Villapando, kando ya mji, ilikuwa ikiuchemsha, ikiusuuza na kuupika kwa mvuke wa kuua vijidudu hadi ukafaa kufunika vidonda vya moto. Watoto wengi wa mkoa wa Quezon wana ngozi leo kwa sababu yake.

Daktari alishika ukingo wa utando wa Mikay kwa koleo, akavuta. Ukaachana tabaka mbili, kama ganda la kitunguu.

"Nimetumia mamia ya hizi," alisema. "Haijapata kutokea. Kuna mkono umeingia hapa, Sajini."

Kisha akamweleza lililomnyima raha. Watoto wanne wodini walikuwa wamefunikwa kwa tando za shehena ileile, na pakiti zake zilikwisha chomwa na takataka. Ikifika saa sita mchana bila kujua zipi mbaya na zipi nzuri, angezibandua zote. Zilikuwa zimeshikana na ngozi changa. Zikitoka, ngozi ingetoka nazo, na kati ya wale wanne hakuwa na hakika kama wawili wangestahimili.

Belen alianza na nesi, maana mama yake Mikay alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido akilitaja jina la nesi huyo na kumlaani. Arlene alijibu kila swali huku machozi yakimtoka. Alinawa. Alivaa glavu. Alifungua pakiti mbele ya mama mtu. Belen alimwamini, na sababu yake ilikuwa nyepesi: uchafu wa mikono huharibu utando, lakini hauugawi mara mbili.

Saa mbili na nusu alikuwa kwa Boyet, kijana anayewauzia watengeneza vinywaji utando wa kula, ambaye pia hupeleka shehena za karakana hospitali kwa pikipiki yake ya miguu mitatu. Mjini walishaanza kusema kwamba Boyet amechomeka utando wa kula ndani ya pakiti za hospitali. Lisemwalo lipo, lakini si kila lisemwalo ni kweli. Boyet aliingia chumbani, akatoka na utando mzito kama godoro la paka, akamtupia Belen mikononi.

"Upasue, Sajini. Upasue unionyeshe tabaka la pili."

Belen alijaribu kwa kucha, akashindwa.

"Trei ikisogezwa kabla ya wakati, maji yanapanda juu, utando mpya unaota juu ya ule wa zamani," Boyet alisema. "Mama yako hakukufundisha? Kitu kama hicho nikimpelekea mnunuzi atanipiga nacho usoni."

Mama yake alimfundisha. Alimfundisha kwa fimbo, siku Belen, akiwa mdogo, alipogonga meza ya trei akicheza. Mtu wa kazi hii hasogezi trei hata nyumba ikiwaka, na hilo ndilo lililomkaa sajini kichwani njiani kwenda karakana. Ni nani basi aliyesogeza?

Mang Dencio, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliapa kwamba chumba chake cha kuoteshea hufungwa na hakuna anayekanyaga ndani. "Sogeza kaburi langu kwanza," alisema. Kazi ya kufunga pakiti ilikuwa ya mwanamke mmoja tu, Aling Crisanta, aliyekuwa naye miaka yote tangu waanze. Alikuwa amerudi kazini karibuni. Kwenye kifua cha aproni yake palibanwa kitambaa kidogo cheusi, alama ambayo aliyefiwa huivaa mwaka mzima.

Belen alikitazama kitambaa kile, na moyo ukamzama. Hapakuwa na mafuriko mwezi ule, wala moto. Lakini maiti inapolala nyumbani kwa mkesha, na jirani wakaja kukaa nayo usiku baada ya usiku, sebule hupishwa jeneza. Kila kilichomo husogezwa.

Hakumuuliza pale mbele ya mzee. Alimwomba wafuatane hospitali, akaketi naye katika chumba kidogo cha dawa, daktari akisimama mlangoni. Ilikuwa saa tano na dakika kumi.

"Aling Crisanta, nani aliyefariki kwako?"

"Mjukuu wangu. Junjun." Alisema polepole. "Aliungua na mafuta ya taa. Tulimleta hapa. Wakasema tando zimekwisha, tungojee shehena. Nilikuwa nazifunga mimi mwenyewe, Sajini, kwa mikono hii, na wangu akafa akizingoja."

"Ukaotesha nyingine nyumbani."

"Nilianza alipolazwa. Nilitaka ziwe zake. Jeneza lilipofika nikazisogeza trei zote jikoni. Sikuzitupa. Nilisema, hakuna mtoto mwingine atakayengoja. Shehena ikapungua tena, nikachomeka zangu ndani ya pakiti."

"Bila mvuke?"

"Ufunguo wa chungu cha mvuke anao Mang Dencio. Angeuliza. Nilizichemsha kwa magadi makali kama kawaida, zikatakata."

"Na kuzisuuza?"

Hapo Crisanta aliinua uso. Kuuliza kule kulimjulisha kila kitu, na Belen aliona jinsi kulivyomkata. Nyumba yenye maiti haifagiliwi, wala mtu haogi ndani yake. Anayeoga huenda kwa jirani, la sivyo mauti hurudi kuchukua mwingine. Kila mtoto wa huko anajua. Kwa hiyo hakumwaga maji ya kusuuzia chini ya paa lile.

"Nilizipeleka kijitoni," alisema. "Niliogopa mtoto mwingine asije akafa."

Daktari aligeukia ukuta. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na bibi huubeba mara mbili; lakini kule korido kulikuwa na mzazi mwingine, naye hakuwa na kosa.

"Trei ulizisogeza zote? Hakuna hata moja iliyobaki mahali pake?"

"Zote, mwanangu. Siku ileile."

Basi kila utando wake ungeachana tabaka mbili, na usioachana ulikuwa wa karakana, salama. Daktari hakungoja zaidi. Alikwenda kitanda kwa kitanda na koleo lake, akiinua ncha ndogo ya kila utando. Wa kwanza haukuachana. Wa pili na wa tatu vilevile. Ule wa Rodel, mvulana wa miaka saba aliyeungua mgongo, uliachana. Akaanza kuubandua, na kilio cha mtoto kikasikika jengo zima.

Ilimbidi Belen ampitishe Crisanta mbele ya mlango ule ili kumtoa nje. Hakumfunga pingu, alimshika mkono tu. Mama yake Rodel alikuwa kwenye benchi. Aliona aproni yenye jina la karakana, akasogea kumpisha, akamshika Crisanta vidole.

"Ni nyinyi mnaozitengeneza?" alimuuliza. "Daktari anasema imegundulika mapema, mwanangu atapona. Mungu awabariki, mama. Kaa na mimi mpaka anyamaze."

Crisanta alimtazama sajini. Belen aliuachia mkono wake, naye akakaa.